Ganda Ndani ya Bahasha

Kulianza kwenye paa, juu ya kioo cha mbele,
kidoa kama sarafu ya shilingi mia.
Nikadhani ni kinyesi cha ndege.
Nikamwagia maji, nikasugua kwa kipande cha flana,
na flana ikaondoka na rangi.

Gari lina miaka miwili na miezi minane.
Dhamana ya rangi ni miaka mitatu.
Mimi ni mwalimu wa hesabu, Mbale;
kutoa naweza.

Mvua za masika zikaingia chini ya rangi zikakaa.
Kila niliposhika barabara ya Tororo, nikipita Nabumali,
upepo ulipenyeza ukucha,
ukaambua, ukaambua,
na vipande vyeupe vikaruka nyuma yangu
kama kumbikumbi waliokosa taa.
Wanafunzi wakalipa gari jina: Muhogo.
Nilicheka nao.
Usiku nikahesabu awamu za mkopo zilizobaki. Kumi na tisa.
Nalipia hata kilichobaki njiani.

Basi Alhamisi nikaomba ruhusa, nikatoka alfajiri,
Wanale bado haujapata uso,
nikavuka Nile pale Jinja
na ganda moja ndani ya bahasha ya ripoti za shule:
pana kama kiganja changu,
upande mmoja lulu, kama kijitabu kilivyoahidi,
upande wa pili kijivu kitupu.

Ukumbi wa wakala, Kampala, una baridi ya jokofu.
Magari mapya yamekaa kama maharusi.
Bwana Atuhaire alinipokea kwa chai na kwa "madamu",
akalizunguka langu mara moja, mikono nyuma.
"Kaloli hao," akasema. "Mavi yao yana tindikali.
Dhamana haifidii ndege. Soma ibara ya kumi na moja."

Nikasoma. Ndege wamo, kweli,
pamoja na utomvu, changarawe, jua, chumvi,
vita, na kazi ya Mungu.
Nikamuuliza, ni gari gani basi mnalolidhamini,
lile lililofunikwa shuka, gizani, lisiloendeshwa?
Na kaloli, bwana, ni wa hapa kwenu,
wamesimama majalalani kama mawakili waliokosa kesi.
Langu hulala chini ya bati.

Akamwita fundi anieleze kitaalamu.
Okiror, ovaroli yenye viraka viwili vya buluu mbalimbali.
Alitoa kifaa kidogo, akakibusisha mlangoni: mia moja na kumi.
Buti: mia moja na tano.
Paa: mia tatu arobaini.
Akarudia. Mia tatu arobaini na mbili.
Akanitazama, akamtazama bosi,
akaanza kufuta kifaa kisichokuwa na vumbi.

Mwalimu wa hesabu hangoji kuambiwa.
Rangi haikupungua. Ilikuwa mara tatu.
Kabla sijalinunua jipya, viti vikiwa bado na nailoni,
kabla sijapigwa picha na ule ufunguo wa kadibodi,
kuna kitu kililiangukia paa hilo, bandarini au njiani
au humu humu,
na mtu akalipaka haraka, bila kulipiga msasa.
Waswahili walisema mkakasi ndani ni kipande cha mti.
Wangu ndani una bati.

"Naomba vipimo hivyo," nikasema, "kwa maandishi, na muhuri."
Chai ikapoa. "Madamu" likatoweka, nikawa Mwalimu Khainza.
Atuhaire akajifungia kwenye ofisi ya kioo;
nilimwona akiongea na simu, sauti haitoki,
mkono mmoja ukinyoosha tai isiyojikunja.

Okiror akapita na ndoo. Hakusimama.
"Dai paa lote," akanong'ona. "Usikubali kiraka."

Siku kumi na nne za kazi, wamesema.
Jumapili hazimo; nimeshaziondoa.
Sasa narudi, msitu wa Mabira unanidondoshea matone,
gari linaendelea kuvua nguo mbele ya malori ya miwa.
Bahasha iko kwenye kiti cha abiria.
Nimeifunga mkanda.